Tumbili wa kizimbani anahara miezi na miezi: uanze na kipimo kipi?

Tumbili akihara siku mbili tatu baada ya kula maembe mengi, maji safi na utulivu humtosha. Makala haya hayamhusu huyo. Yanamhusu yule ambaye manyoya ya makalioni hayakauki, anayepata nafuu wiki hii na kurudi kule kule wiki ijayo, anayekula vizuri lakini uti wa mgongo unazidi kujitokeza. Hali hiyo ipo kila mahali wanapofugwa jamii ya kima. Katika vituo vikubwa vya utafiti vya Marekani vinavyofuga kima wa rhesus (spishi ya Asia) kwa maelfu, kuhara kwa muda mrefu ni miongoni mwa sababu kuu za wanyama kuugua na hata kuuawa kwa huruma, bila kuhusiana na utafiti wowote wanaofanyiwa. Huku kwetu wapo wanaolea tumbili, nyani, kima na mbega waliotolewa mikononi mwa watu: kituo cha Lwiro kule Kivu Kusini, wale wa mbega kule Diani, bustani za wanyama, taasisi ya utafiti wa jamii ya nyani pale Karen, Nairobi. Mtu yeyote mwenye mnyama wa namna hii atafika siku moja kwenye swali lile lile. Fedha iliyopo ni ya kipimo kimoja au viwili. Uchague kipi?

Msimamo wangu nauweka mbele. Katika ugonjwa wa tumbo wa muda mrefu, kuona mdudu kwenye kinyesi hakutoshi kusema umeona chanzo. Nyani wengi wenye afya njema hubeba vijidudu vile vile maisha yao yote. Kwa hiyo kipimo kinachostahili fedha yako ni kile ambacho jibu lake, likiwa ndiyo au likiwa hapana, litabadilisha utakachofanya kesho asubuhi. Nitavipima vipimo vyote kwa kigezo hicho.

Kabla hujatoa shilingi

Kwanza, mjue anayehara. Katika kizimba chenye wanyama sita, kinyesi hakina jina. Njia rahisi ni kumpa kila mmoja ndizi au kidonge cha ugali chenye rangi yake: rangi ya keki, au chembe za pambo zisizo na sumu. Kesho yake kinyesi kitakuambia chenyewe ni cha nani. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kupima sampuli iliyookotwa tu sakafuni, na hakuna awezaye kuapa imetoka kwa mgonjwa.

Pili, mzani. Mfundishe mnyama kupanda juu ya mzani kwa kumpa karanga moja, umpime kila wiki siku ile ile. Anayehara lakini uzito wake haushuki ana shida tofauti kabisa na anayehara huku akikonda, na ulinganisho wote unaofuata hapa chini unategemea unajua yupo upande gani. Pamoja na uzito, andika kila siku kinyesi kilikuwaje: kigumu, laini, uji au maji, kina damu, kina ute. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe. Asiye na kumbukumbu za maandishi ataisifu dawa yoyote iliyotolewa siku ambayo ugonjwa ulikuwa unashuka.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote: kila unapopeleka sampuli ya mgonjwa, peleka na ya jirani yake mzima wa kizimba hicho hicho. Maabara ikikuletea jibu kwamba mgonjwa ana Balantidium, kijidudu cha seli moja cha utumboni, na mzima naye anacho, na kwa wingi ule ule, umeshajua huyo si mshtakiwa wa kwanza. Sampuli hii ya pili huongeza gharama kidogo sana na huokoa matibabu yasiyo na sababu.

Tena, usisahau kifua kikuu. Jamii ya kima hukipata kutoka kwa watu, na kinaweza kukaa matumboni na kumkondesha mnyama taratibu bila kikohozi chochote. Kipimo cha tuberkulini kwenye kope la juu, kinachosomwa baada ya saa 24, 48 na 72, kifanywe mapema, kwa ajili ya mnyama na kwa ajili yako wewe unayesafisha kizimba.

Vipimo ubavu kwa ubavu

| Kipimo | Kinafaa zaidi kuonyesha | Kinachokipita | Uzito wake kwa mfuko na kwa mnyama |
|---|---|---|---|
| Hadubini, sampuli 3 | Minyoo, na viumbe wa seli moja: Giardia, Balantidium, amiba | Bakteria. Aina halisi ya amiba | Nafuu. Mnyama haguswi |
| Kuotesha kinyesi (kukuza bakteria maabara) | Bakteria kama Shigella na wenzake, na dawa inayowaua | Vijidudu vilivyokufa njiani | Wastani. Sampuli hudai haraka |
| PCR (kutafuta vinasaba vya kijidudu) | Kiasi kidogo sana cha kijidudu chochote kilichomo kwenye orodha | Tofauti ya mbebaji na mgonjwa | Ghali. Mnyama haguswi |
| Damu | Protini inayovuja, upungufu wa damu, maji na chumvi | Chanzo chenyewe | Wastani. Mara nyingi huhitaji dawa ya usingizi |
| Kubadilisha chakula | Ugonjwa unaotokana na mlo | Kila kitu kingine | Nafuu. Hudai wiki nyingi na nidhamu |
| Kamera na kinyama (kipande kidogo cha utumbo) | Aina ya uvimbe wa utumbo, saratani, amiloidi | Sehemu ya kati ya utumbo mwembamba | Ghali kuliko vyote. Dawa ya usingizi |

Hadubini au PCR?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu PCR ilipata jina wakati wa Uviko-19 na hadubini inaonekana ya kizamani. Kwa mnyama anayehara kwa muda mrefu, mimi naanza na hadubini, ila iwe imefanywa sawasawa. Sampuli moja haitoshi. Giardia hutoka siku hii na kukosekana siku ifuatayo, kwa hiyo chukua sampuli tatu, ukiruka siku moja moja katikati.

Kila sampuli itazamwe kwa njia mbili. Kwanza mbichi, tone la kinyesi ndani ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu, ndani ya nusu saa tangu kitoke. Ukichelewa, amiba huacha kutembea na kuanza kuharibika, Giardia hulala, na mtaalamu wa maabara hataona cha kumtambulisha. Balantidium huonekana hata na asiye na uzoefu: ni mkubwa kuliko viumbe wote wa seli moja utakaowakuta hapo, amezungukwa na vinyweleo, na anazunguka kwa kasi. Njia ya pili ni ya kukusanya mayai na vifuko: kuelea kwenye maji ya zinki salfeti, au kuzamisha kwa fomalini na etha. Yai la mnyoo mjeledi, lenye umbo la pipa dogo na kizibo kila ncha, halikosekani ukifanya hivyo. Cryptosporidium, kiumbe mwingine wa seli moja, anahitaji rangi yake, ile ile inayotumika kwa makohozi ya kifua kikuu kwa utaratibu uliobadilishwa kidogo. Maana yake ni kwamba hata maabara ya kituo cha afya cha wilaya inaweza kuifanya ikiombwa.

Hadubini ina mipaka yake, na miwili ni mikubwa. Mayai ya safura na mayai ya Oesophagostomum, mnyoo wa kawaida sana kwa nyani wa Afrika, hufanana mno. Mtaalamu aliyezoea kinyesi cha binadamu ataandika safura na kuondoka. Mpaka wa pili ni amiba. Entamoeba histolytica, anayetoboa utumbo, na Entamoeba dispar, asiye na madhara, vifuko vyao havitofautiki hata kidogo. Kuna na wa tatu, Entamoeba nuttalli, wa kima wa Asia, naye anafanana nao.

Kwenye hilo la amiba PCR inastahili fedha yake. Tena kwa mbega inastahili mara mbili. Tumbo la mbega lina vyumba, na chumba cha mbele hakina asidi kali kwa sababu ndimo majani yanamochachuliwa na bakteria. Amiba aliyezoea kuamkia utumboni kwa wanyama wengine, kwa mbega huweza kuamkia tumboni humo humo na kulichimba vidonda. Mbega na binamu zake wa Asia wamekufa kwa namna hiyo katika bustani za wanyama. Kwa hiyo ukiona vifuko vya amiba wenye viini vinne kwenye kinyesi cha mbega, usisubiri. Tuma PCR, na tibu wakati unasubiri jibu. Kwa tumbili mwenye vifuko hivyo hivyo, mnene, anayecheza, naweza kungoja.

Nje ya amiba, PCR ya orodha ndefu huniletea majibu mengi kuliko maswali niliyokuwa nayo. Orodha hizo nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kinyesi cha binadamu. Zinaona chembe za kijidudu kilichokufa wiki iliyopita sawasawa na cha jana. Kima wa rhesus wenye afya hubeba bakteria aitwaye Campylobacter kwa wingi, na mashine haitakuambia kama Campylobacter wa huyu mgonjwa ndiye mkosaji au ni mpangaji wa siku zote. Tumia PCR pale wanyama kadhaa wanapoanza kuhara kwa pamoja, au pale sampuli tatu za hadubini na kuotesha zimetoka safi na bado una sababu ya kushuku maambukizi. Na hapo ndipo sampuli ya jirani mzima inapokuwa ya lazima kabisa.

Kuotesha: chagua hiki ukiona damu

Kinyesi chenye damu na ute, mnyama ana homa, amejikunja akishika tumbo: ruka foleni yote, peleka kuotesha. Shigella ndiye wa kwanza kufikiriwa. Porini jamii ya kima hawana desturi ya kuwa naye. Humpata kwa watu, baada ya kukamatwa, kisha humpitisha mmoja kwa mwingine, na baadhi yao hubaki wabebaji wasioonyesha dalili mpaka siku ya kuhamishwa kizimba au kuletewa mgeni. Vijidudu vichache sana, kiasi cha kumi hadi mia moja, vinatosha kumwambukiza mtu. Kwa hiyo mtunza wanyama naye apimwe, bila kumlaumu, kwa sababu njia ni ya kwenda na kurudi.

Udhaifu wa kipimo hiki ni safari. Shigella hufa haraka kwenye kinyesi kilichoachwa kwenye kikopo juani. Sampuli iingie kwenye kisafirishi cha Cary-Blair (jeli ya kuhifadhi bakteria safarini) na kwenye boksi la barafu saa ile ile. Campylobacter huhitaji joto la nyuzi 42 na hewa yenye oksijeni kidogo, na maabara nyingi za hospitali hazimtafuti mpaka uwaambie. Yersinia anapenda baridi na huchukua majuma kujitokeza. Andika kwenye fomu unachokitafuta. Usiandike tu "kuhara".

Faida yake ambayo hakuna kipimo kingine kwenye jedwali kinachoitoa ni hii: kuotesha kunakuambia dawa gani inamuua. Kwa mnyama aliyekwisha kupewa antibiotiki za kila rangi, habari hiyo ni ya thamani kubwa. Lakini kwa anayehara uji usio na damu kwa miezi minne, ana hamu ya kula na hana homa, kuotesha mara nyingi hakuleti kitu. Hapo fedha hiyo ningeipeleka kwenye damu.

Damu

Kwa ufupi: albumini, protini kuu ya damu. Utumbo uliovimba kwa muda mrefu huvujisha protini, na albumini ikishuka pamoja na uzito, una ugonjwa wa utumbo wenye uzito hata kama hujui jina lake. Kwa marmoseti, wale kima wadogo wa Brazili, mchanganyiko wa uzito mdogo na albumini ndogo umeonekana kuwa alama nzuri kuliko nyingi za ugonjwa wao maarufu wa kukonda. Ongeza wingi wa damu na chumvi za mwili, basi. Damu haitakupa chanzo. Itakuambia kama una muda wa kujaribu chakula au la, na kwangu hiyo peke yake inatosha kuilipia.

Kubadilisha chakula au kuingiza kamera?

Hili ndilo chaguo gumu la kweli, na ndilo ningependa msomaji akae nalo. Sampuli tatu ni safi. Kuotesha hakuna kitu. Mnyama bado anahara. Sasa mambo mawili yako mezani, na yanavuta pande tofauti: moja ni nafuu na la polepole, jingine ni ghali na la siku moja.

Nianze na chakula, kwa sababu sababu za kukishuku ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Matunda ya sokoni yamezalishwa yawe matamu. Yana sukari nyingi na nyuzinyuzi chache kuliko matunda ya porini. Bustani ya wanyama ya Paignton, Uingereza, mwaka 2014 ilitangaza kwamba imeondoa ndizi kwenye chakula cha kawaida cha kima wake kwa sababu hiyo hiyo, ikitaja afya ya tumbo na meno. Kwa mbega jambo hili ni zito zaidi. Chumba chake cha mbele kimejaa bakteria wa kuchachua majani. Ukimwaga humo ndizi mbivu na mkate, uchachuaji unakwenda mbio, asidi inapanda, gesi inajaa, na mnyama anaharisha au anavimba mpaka kupumua kunakuwa shida. Mbega wa porini huchagua majani, hasa machanga, maua na matunda mabichi. Kule Jozani, Unguja, kima punju wanaokaa karibu na mashamba hula hata mkaa, na watafiti waliowafuatilia wanaona mkaa huo huwasaidia kunasa kemikali kali za majani ya miembe na mikungu. Mnyama mwenye mfumo laini namna hii, kumlisha mabaki ya hoteli ni kumtafutia ugonjwa.

Halafu kuna ngano. Katika kituo cha utafiti wa jamii ya nyani cha Tulane, Louisiana, walipatikana kima wa rhesus ambao matumbo yao hayaivumilii gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai. Walipolishwa chakula kisicho nayo walipata nafuu, waliporudishiwa waliugua tena. Hata marmoseti baadhi yao wamepata nafuu kwa njia hiyo. Vyakula vingi vya vidonge vya kima vinavyouzwa vina ngano ndani yake, na chapati, mkate na biskuti za wageni zina ngano tupu. Ugali wa mahindi hauna gluteni, hivyo huku kwetu jaribio hili ni rahisi kuliko Ulaya. Maziwa ya unga nayo yaangaliwe: wanyama wengi waliokomaa hawawezi kuyasaga, na kumpa mgonjwa maziwa "apate nguvu" huendeleza kile kile unachotibu.

Jaribio la chakula lina masharti. Badilisha polepole kwa muda wa wiki moja au mbili, kisha kaa kwenye mlo mpya kwa wiki sita hadi nane. Badilisha kitu kimoja tu. Ukiondoa ngano, ukahamisha kizimba, ukaanza na dawa juma lile lile, mnyama akipona hutajua cha kushukuru. Wageni wazuiwe kabisa kurusha chakula, na wanyama wa kizimba kimoja wale mlo mmoja, maana mgonjwa ataiba kwa jirani. Uzuri wake ni kwamba unachunguza na kutibu kwa pamoja, na hata usipopata jibu, mlo wenye majani mengi na sukari kidogo haumdhuru mtu.

Kamera sasa. Mnyama hufungishwa chakula, husafishwa utumbo kwa dawa ya kuharisha inayopitishwa kwa mrija wa puani, halafu hulazwa usingizi. Kamera ya watoto ya hospitali ya binadamu inatosha kwa nyani na kima wakubwa. Daktari huangalia utumbo mpana na kung'oa vipande vidogo, vinyama, sehemu kadhaa. Ninasisitiza: vinyama vichukuliwe hata kama ukuta wa utumbo unaonekana mzuri. Uvimbe mwingi wa aina hii uko kwenye seli, ambako macho hayafiki, na kamera iliyoingia na kutoka bila kinyama ni gharama iliyomwagwa. Vinyama huwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10 na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia ya wanyama; Kabete, Morogoro na Makerere ziko shule za udaktari wa wanyama zenye idara hizo.

Kinyama hujibu maswali ambayo hakuna kingine kinachoyajibu. Ni limfosaiti na seli za plazma, chembe za kinga ya mwili, zilizojaa, au ni usaha ndani ya vishimo vya utumbo? Kuna amiloidi, protini ngumu inayojijenga baada ya uvimbe wa miaka, ambayo rangi ya Congo huifanya ing'ae kijani chini ya mwanga maalumu? Kuna saratani? Kwa tamarini mwenye kichwa cheupe kama pamba, kima mdogo wa misitu ya Colombia, swali hilo la mwisho si la nadharia. Katika kufugwa wengi wao wamepata uvimbe sugu wa utumbo mpana na baadhi wakaishia na saratani ya utumbo huo, hali ambayo kwa ndugu zao wa porini haionekani kwa kiasi hicho. Kwa spishi hiyo sisubiri wiki nane, kamera kwanza.

Udhaifu wa kamera: hunyofoa ngozi ya juu tu ya utumbo, na haifiki katikati ya utumbo mwembamba. Kwa marmoseti wa gramu 350, vifaa vinavyomtosha ni vichache na usingizi wenyewe ni hatari. Mnyama aliyeishiwa maji na chumvi asilazwe mpaka arekebishwe.

Mimi nachagua hivi. Uzito umesimama na albumini ni nzuri: chakula, wiki nane, bila haraka. Uzito unashuka na albumini iko chini: kamera ndani ya wiki mbili, na mlo ubadilishwe baada ya vinyama kuchukuliwa. Ukianza na chakula kwa mnyama anayeisha, wiki nane zitamkuta hayupo.

Dawa za "tujaribu tuone"

Si kipimo, lakini hutumika kama kipimo kila siku, kwa hiyo nailinganisha na vingine. Metronidazoli ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Mnyama anapata nafuu siku tano, watu wanasema ilikuwa Giardia. Haikuthibitisha hivyo. Metronidazoli huua bakteria wengi wa utumboni na pia hupunguza uvimbe wenyewe, na ugonjwa unaopanda na kushuka ungeweza kushuka wiki hiyo bila dawa. Kisha anahara tena, anapewa tena, na kila mzunguko bakteria wazuri wanapungua.

Dawa ya minyoo peke yake naikubali mapema, kwa sababu ina hatari ndogo na minyoo mjeledi ni wengi kwenye vizimba vya udongo. Mayai yao hukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo usipobadilisha udongo wa juu unatibu bure. Steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, sizikubali kabla ya mambo mawili: kinyama mkononi, na uhakika kwamba hakuna Strongyloides. Mnyoo huyo mdogo, akipata mwili uliodhoofishwa na steroidi, huzaliana humo humo na kusambaa mpaka kuua. Kwa binadamu jambo hilo linajulikana vizuri. Mabuu yake hutafutwa kwa njia ya Baermann, kinyesi kwenye kitambaa ndani ya faneli ya maji vuguvugu usiku mmoja, na haigharimu karibu chochote.

Kwa mfuko ulio nao

Mwenye fedha kidogo kabisa: rangi za kutambua kinyesi, mzani, sampuli tatu za hadubini za mgonjwa na jirani, Baermann, dawa ya minyoo, kisha jaribio la chakula. Hilo si la kimaskini. Kwa tumbili na nyani waliotoka majumbani mwa watu, waliozoea chai na mandazi, naamini litawasaidia wengi wao.

Mwenye fedha ya wastani aongeze albumini, na kuotesha pale penye damu. PCR ainunue kwa mbega mwenye amiba tu.

Mwenye fedha ya kutosha asianze na kamera kwa sababu tu anaiweza. Atembee njia ile ile, ila kwa kasi, na kwa tamarini na kwa mnyama yeyote anayekonda afike kwenye kinyama mapema. Kwa marmoseti fedha ya kamera iende kwenye vita ya mende: kuna mnyoo wa kongosho, Trichospirura, anayeingia kwa marmoseti aliyekula mende, na mnyama hukonda akihara huku sampuli zake zikitazamwa na watu wasiomjua mnyoo huyo.

Na akifa mmoja wa kundi, kuna uchunguzi ambao huwa haununuliwi kwa sababu watu wamekata tamaa siku hiyo: kumpasua. Unagharimu kidogo kuliko kamera na unaona utumbo wote, kongosho, tezi na ini. Ufanywe ndani ya saa chache, kwa kuwa utumbo ndio unaooza kwanza, na mzoga uliolala usiku kucha kwenye joto la pwani hausomeki tena. Ukishindwa kumpata mtaalamu mara moja, mweke mzoga kwenye barafu, usimgandishe. Kugandisha hupasua seli. Kata vipande vya tumbo, duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), utumbo mwembamba wa katikati na wa mwisho, sikamu (mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana), utumbo mpana, kongosho na tezi za karibu, kila kimoja kisizidi unene wa kidole cha mtoto, uvitie kwenye fomalini iliyo mara kumi ya ujazo wao. Andika umri wa mnyama, mlo wake na kumbukumbu za uzito kwenye karatasi ile ile inayokwenda na chupa, kwa ajili ya wale watano waliobaki kizimbani.